Koo la Kujifunzia

Asubuhi ile niliondoka Nkuhungu bila kujua ninakwenda wapi. Nilifagia chumba, nikamkabidhi jirani ufunguo ampe mwenye nyumba, nikatupia mfuko begani. Ilikuwa mapema Januari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kila niliyepishana naye alikuwa na jembe au kifuko cha mbegu. Mimi peke yangu sikuwa na shughuli.

Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita. Mwalimu wa hesabu alinichapa mbele ya wenzangu kwa kuuliza swali alilokuwa hana jibu lake, na kesho yake sikurudi. Tangu hapo nimechuma zabibu, nimefua mashuka ya nyumba za wageni, nimekamua alizeti Kibaigwa, nimeuza maji minadani. Sijawahi kufukuzwa kazi. Ila nikishaielewa kazi, miguu inaanza kuniwasha, na siku moja najikuta barabarani.

Nikapita mjini, nikavuka reli, nikaendelea upande wa Kikuyu. Huko nikapita nyuma ya shule moja ya msingi. Shule zilikuwa bado zimefungwa, lakini darasa la mwisho lilikuwa limejaa watu wazima, na walikuwa wakicheka. Nikasogea dirishani.

Katikati ya darasa palikuwa na kiti cha mbao ambacho sijawahi kuona mfano wake. Kilikuwa na mbao mbili za kubana kichwa, ubao wa kuegemeza miguu, na mikanda iliyoshonwa kwa kitenge. Mwanaume mwenye kitambi alikuwa amefungwa humo, mikono imezungushiwa kanga. Mwenzake alikuwa akimlisha uji.

"Jamani, uji hauna sukari!" akalalamika yule aliyefungwa, na darasa zima likaangua kicheko.

"Mwanafunzi unayemwigiza haongei," akasema mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijani, aliyesimama karibu na bango kitita.

"Samahani."

"Wala haombi samahani."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alikuwa mwezeshaji wao, mtu wa Kondoa, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa kufundisha watoto wenye ulemavu. Aligeuka akaniona.

"Wewe dada hapo dirishani, ingia au nenda. Unatuzibia mwanga."

Nikaingia. Kila mara najilaumu kwa hilo, na kila mara naingia.

Nilipojua kwamba wote mle ndani ni walimu, ngozi ya mgongo ilinisisimka. Walikuwa kama ishirini, walimu wa madarasa ya kawaida kutoka shule za Dodoma na Kongwa. Shule zikifunguliwa Jumatatu inayofuata, kila mmoja angempokea darasani mtoto ambaye hawezi kukaa mwenyewe, hawezi kuongea, na pengine hawezi kutafuna. Watoto hao walikuwa hawajawahi kutoka majumbani mwao. Walimu walikuwa na siku tano za kujifunza namna ya kukaa nao, na hii ilikuwa siku ya kwanza.

"Walimu hawawezi kunyamaza," mwezeshaji akaniambia, kama vile tulifahamiana zamani. "Nikimweka mmoja kwenye kiti, dakika haiishi ameanza kumfundisha mwenzake namna ya kushika kijiko. Nahitaji mtu wa kukaa hapo kama mtoto. Asiseme, asijisaidie kwa lolote. Unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Utakula na sisi, na utalala bwenini na walimu wa kike. Mpaka Ijumaa."

Niliuliza swali moja tu, kwamba mtoto akiwa hivyo anajuaje kijiko kinakuja.

"Kaa," akasema. "Utatuambia wewe."

Nikakaa. Wakanifunga mikanda kifuani na kiunoni, wakazungushia mikono yangu kanga mpaka vidole vikapotea. Mwezeshaji akaniambia nilegeze shingo, nisiishike. Jaribuni siku moja. Shingo ikishalegea, macho yanaangalia pale kichwa kilipoangukia, na hapohapo ndipo dunia yako inapoishia. Mimi niliona goti langu na kipande cha sakafu. Nilisikia watu wakinizungumzia kama gunia: mwinue, mvute, msogeze. Kijiko kilinijia kutoka pembeni, nikakigundua kilipogusa midomo. Nilishtuka mpaka kiti kikalia.

Waliponifungua waliniuliza, na nikawaambia walimu, mimi wa darasa la sita, kwamba mtu asiyeweza kukimbia aambiwe kwanza. Mwambie sasa nakuinua. Mwambie kijiko kinakuja, ni uji. Mwezeshaji akamwambia mwenye mwandiko mzuri aliandike neno hilo kwenye bango. Nilifurahi, ingawa hofu haikupungua.

Kati ya walimu wale alikuwapo mmoja niliyemwogopa kuliko wote. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, amebakiza miaka michache astaafu, anayefundisha darasa la kwanza Mlali. Sauti yake ilikuwa ile ya kunyamazisha uwanja mzima. Nilipomsalimu shikamoo, aliitikia marahaba huku akitazama viatu vyangu, nami nikajikuta nimeviweka sawa.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Darasa la sita, mwalimu."

"Ukakimbia."

"Nikaondoka."

"Ni kitu kilekile," akasema, lakini pembe ya mdomo ilicheka.

Wenzake walimtania kwamba yeye hahitaji mafunzo. Naye alikubaliana nao.

"Nimelea wanne na wajukuu sita," alisema wakati wa chai ya saa nne. "Kulisha mtoto nifundishwe na bango?"

Siku ya tatu, Jumatano, ikafika zamu yake kunilisha. Uji ulikuwa mwepesi. Wapishi waliambiwa kuna mtu atakayeigiza mgonjwa, na huku kwetu uji wa mgonjwa huwa mwepesi, ndiyo huruma yenyewe. Yule mwalimu alikuja kwa kujiamini. Hakutumia kijiko. Alikaa kando yangu, akaweka mkono mmoja nyuma ya shingo, akakivuta kichwa changu nyuma mpaka nikaona mbao za dari, akakunja kiganja cha mkono wa pili chini ya mdomo wangu kama mfereji, na mwalimu mwingine akamimina uji.

Kila aliyekulia kwetu anakijua kitendo hicho. Ndivyo mtoto mchanga anavyonyweshwa uji, ndivyo mkubwa anavyonyweshwa dawa. Akigoma, anabanwa pua kidogo, anafungua mdomo mwenyewe.

Alinibana pua. Sidhani kama alikusudia. Mkono ulijiendea wenyewe.

Uji ukaingia kusikotakiwa. Nilitaka kukohoa, nikakosa hewa ya kukoholea. Nilitaka kuinua mkono, mkono ukawa kanga tupu. Kichwa kilikuwa bado nyuma, na mimi, kwa ujinga wa kutii, sekunde za kwanza niliendelea kunyamaza kwa sababu nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Halafu ahadi ikaisha nikajaribu kupiga kelele, na hakuna sauti iliyotoka. Nilimwona akinitazama kwa juu. Nadhani sisi wawili tulielewa kwa pamoja.

"Mpe maji! Mpe maji!" mtu akapiga kelele.

"Asimpe mtu maji!" Hiyo ilikuwa sauti ya mwezeshaji. Akakata mkanda wa kifua kwa mkasi, akaniinamisha mbele mpaka kidevu kikagusa kifua, akanishikilia hivyo. "Kohoa. Taratibu. Kohoa mwenyewe."

Nikakohoa. Nilikohoa mpaka machozi yakatiririka na uji ukatoka puani. Nilipoinua kichwa, yule mwalimu hakuwepo. Bakuli lilikuwa limepinduka sakafuni.

Siku ile hakurudi tena kulisha. Alhamisi asubuhi mwezeshaji alimwita, naye akatikisa kichwa.

"Mtoto aje darasani, nitampokea," alisema. "Nitamwita kwenye mahudhurio, nitamwonyesha picha mbili achague kwa macho kama ulivyotufundisha. Yote hayo nitayafanya. Lakini saa ya uji mama yake aje amlishe. Mimi simlishi."

"Mama yake analima mbali."

"Basi."

Mama mwenyewe alifika Alhamisi hiyo kabla ya saa sita, kwa gari dogo la mizigo lililotumwa kumchukua Mlali. Alikuwa mwanamke mwembamba, umri wake kama wangu, na mgongoni alikuwa amembeba kwa kanga binti wa miaka tisa, miguu ikining'inia mpaka magotini pa mama. Aliwasalimu wote, mmoja mmoja. Kwa yule mwalimu wa Mlali alipiga goti kidogo, wakasalimiana Kigogo, mbukwa kwa mbukwa, maana walikuwa wa kijiji kimoja. Nusu saa haikupita akawa ameshasikia habari ya Jumatano.

Hakugomba. Aliniuliza mimi.

"Ni wewe uliyepaliwa?"

"Ni mimi."

"Ilikuwaje?"

Nikamweleza kila kitu, mpaka ahadi yangu ya kijinga ya kunyamaza. Alisikiliza huku akimpangusa binti yake mate kwa pembe ya kanga. Binti alikuwa na macho makubwa yenye kuzunguka polepole, na nilipokuwa nikieleza yalinitulia usoni. Kwao, akiinua macho juu anasema ndiyo. Hapana hana, anafumba tu.

"Mimi nikienda shamba namfungia ndani," mama akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, na kila neno alilitua chini kwa uangalifu. "Mchana narudi, namlisha, naenda tena. Mwaka jana mvua ilinyesha, korongo likajaa. Mimi huku, yeye kule. Nilikaa ukingoni mpaka jua linashuka. Nilipofika alikuwa hai. Ulimi umekauka. Mwaka huu nimesema, aende shule. Shuleni kuna watu." Akatazama upande wa yule mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa ametugeuzia mgongo. "Lakini kama watu wenyewe wanaogopa, ni afadhali mlango na kufuli. Kufuli nalijua."

Saa saba alimlisha binti yake mbele yetu. Mwezeshaji aliwataka walimu wote wakae chini, watazame. Mama hakukitumia kile kiti. Alikaa sakafuni, akamweka mtoto mapajani wakitazamana, akakibana kichwa chake kwa ndani ya kiwiko, kidevu chini. Alikuwa amekuja na chakula chake kwenye kidumu kilichokatwa: ugali laini wa uwele na mlenda mbichi, ule unaoota wenyewe mashambani mvua zikianza. Kila tonge dogo alilizungusha kwenye mlenda mpaka likang'aa, akalionyesha kwanza, akaliweka nyuma ya meno. Halafu akasubiri. Alikuwa akitazama koo la mtoto, si mdomo.

"Kwa nini si uji, mama?" akauliza yule mwalimu mwenye kitambi.

"Uji mwepesi unakimbia. Maji yanakimbia. Huyu hawezi kufukuzana nayo. Mlenda unatembea, anausikia unapopita."

Mwezeshaji alifunga bango lake kitita akakaa sakafuni na wengine. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amepanga kufundisha habari ya vyakula vizito mchana ule kwa saa mbili, na mama yule alikuwa ameimaliza kwa maneno machache.

Lakini yule mwalimu wa Mlali hakukaa kutazama. Alitoka mwanzoni kabisa.

Baada ya chakula nilifunga mfuko wangu. Sitaki kujisifu kwa nisilolifanya: niliamua kuondoka. Koo lilikuwa bado linaniuma, na kila nilipokipita kile kiti jasho lilinitoka mikononi. Sikuwa mwalimu, sikuwa mama wa mtu. Nilizunguka nyuma ya darasa nipate njia ya kutokea, nikamkuta yule mwalimu wa Mlali amekaa kwenye ngazi ya choo, kanga mapajani.

"Unaondoka," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata mimi ningeondoka. Kaa kidogo."

Sijui kukataa amri ya mwalimu. Nikakaa. Tulitazama kuku wa mlinzi wakichakura matope.

"Nilikuona macho," akasema baadaye. "Jana. Niliyaona."

"Imepita, mwalimu."

"Haijapita. Nimewalisha wanne hivyo. Mama yangu alinilisha mimi hivyo. Hakuna aliyekufa, ndivyo ninavyosema siku zote, hakuna aliyekufa." Alipoendelea, sauti ile ya kunyamazisha uwanja ilikuwa imeondoka. "Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na homa, alikataa dawa. Mama alimshika kichwa, mimi nilimshika miguu. Nilikuwa na miaka saba. Akatulia, tukafurahi kwamba ametulia. Walisema ni homa iliyomwua. Miaka yote hii nimesema ni homa. Jana nilipokuona, yalikuwa ni macho yaleyale."

Niliogopa hata kumgusa, maana mwalimu huwezi tu kumgusa.

"Sasa wanataka nimshike mwingine," akasema. "Mtoto wa watu. Nikimwua je? Niambie wewe uliyekimbia shule, unayejua kuondoka. Nikimwua?"

Nimeulizwa maswali mengi njiani, lakini hilo lilikuwa la kwanza ambalo mwalimu aliniuliza kwa kutaka jibu. Jibu sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni koo.

"Nilishe mimi tena," nikasema.

Akanigeukia.

"Mimi naweza kukuambia mahali unapokosea. Yule mtoto hawezi. Nilishe kwa namna ya mama yake, nikikwama nitakufinya. Mkono mmoja usiufunge."

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu nilitamani kuyarudisha. Alikuwa ameshasimama.

Tulifanya hivyo jioni ile, jua likiwa bado juu ya paa. Darasani tulikuwa wanne wakubwa na mtoto. Mwezeshaji alikaa nyuma. Mama alikaa mbele yetu na binti yake mapajani, amtazame mwalimu. Nilifungwa kitini, mkanda wa kifua ukiwa umeshonwa upya, mkono wa kulia ukaachwa huru kwenye goti la mwalimu. Nikalegeza shingo.

Nilikuwa na hofu kubwa kuliko ya Jumatano, kwa sababu sasa niliujua mlango inamopitia. Nilisikia tonge likizungushwa bakulini. Mkono wake wa kushoto ulipokuja nyuma ya shingo yangu, mwili wangu wote uligoma, na naye akausikia ukigoma.

"Kidevu chini," mama akasema. "Chini, mwalimu. Samahani. Chini zaidi."

"Nakuinamisha kichwa," mwalimu akaniambia. "Sasa tonge linakuja. Ni ugali na mlenda."

Kijiko kiligonga meno yangu. Alikuwa akitetemeka kiasi kwamba nilisikia mlio wake kichwani, mfululizo, kama kijiko kinachokoroga chai. Mlenda ukateleza. Nikaacha ujiendee. Nilisikia ukishuka polepole, nikameza, na nilipomeza nilisikia pumzi yake ikitoka kabla ya yangu.

"Usiongeze," mama akasema. "Tazama hapa," akagusa koo lake. "Likipanda na kushuka, ndiyo zamu ya lingine."

Tonge la tatu nilimfinya. Sikuwa nimepaliwa, niliogopa tu. Aliacha kila kitu, akaniinamisha mbele, akangoja. Mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu, umetulia bila kunipigapiga, na moyo wake niliusikia kupitia mkono.

"Nilidanganya," nikasema nilipoweza. "Sikukwama."

"Ningekuchapa," akasema. Mama alicheka, akaziba mdomo kwa heshima.

Bakuli lilipokwisha, mwalimu alikwenda nje kutapika. Tulimsikia.

Ijumaa ilikuwa ya mtoto mwenyewe. Walimu wote walikuwepo, na hakuna aliyetania. Binti aliwekwa kwenye kiti kilichokuwa changu, mikanda ikasogezwa ndani, mto ukaongezwa kila upande. Nilimwona akizungusha macho kuitafuta sura ya mama yake, akaipata, akatulia. Mama alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele, mikono yote miwili ikiwa imeshika ukingo wa dawati.

Mwalimu alivuta kigoda akaketi mbele yake, si kando.

"Mimi ni mwalimu wako," akamwambia. "Unanijua, nyumba yangu iko karibu na kisima. Sasa nitakushika kichwa. Tonge litakuja baadaye."

Tonge la kwanza likapita. La pili likapita. Nilikuwa nikimeza pamoja naye bila kujijua. La tano, mtoto alitaka kucheka, sijui kwa nini, pengine kwa ile sauti mpya, na kicheko na mlenda vikakutana njiani. Akakohoa. Uso ukabadilika rangi. Mama aliinuka, dawati likakwaruza sakafu, na mwezeshaji akanyoosha mkono kumzuia bila kumgusa.

Mwalimu alikuwa amepauka midomo. Niliuona mkono wake wa kulia ukianza kwenda kule ulikozoea, juu, kwenye paji la uso, kukisukuma kichwa nyuma. Ulifika nusu ya njia. Ukasimama hewani. Halafu ukarudi, ukaingia nyuma ya shingo, na akamwinamisha mtoto mbele mpaka uso ukalala begani kwake.

"Kohoa," akasema. "Kohoa, mwanangu. Sina haraka. Niko hapa."

Ilichukua muda. Kwa saa ya ukutani labda ilikuwa nusu dakika. Mtoto alikohoa mara tatu, za mwisho zikiwa na maji, akavuta pumzi yenye sauti, akatema kipande cha ugali kwenye blauzi ya mwalimu. Mwalimu alingoja mpaka koo likapanda na kushuka. Akamweka sawa. Akamtazama.

"Tuendelee, au inatosha?"

Macho yakafumba. Ilitosha.

Mama alikaa tena kwenye dawati, kwa uzito, kama mtu aliyeteremka mlima. Kisha akaenda mbele, akapiga goti lile dogo la heshima, akazungumza akitazama chini.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Bado unatetemeka."

"Natetemeka. Hata Jumatatu nitatetemeka."

"Naona." Alifikiri. "Lakini mkono umerudi. Mimi nilikuwa nautazama mkono."

"Mtoto nimwandikishe?" mwalimu akauliza.

"Andikisha. Ila nina ombi." Akainua kidole, akanielekezea mimi niliyekuwa nimejibanza ukutani karibu na mfuko wangu. "Huyu aliyepaliwa aje pia. Mwezi mmoja. Awe naye saa ya uji, mpaka mkono wa mwalimu uzoee. Huyu anajua ndani kulivyo."

Walinitazama wote. Nilitafuta sababu ya kukataa na nilikuwa nazo nyingi, nzuri. Sikuwahi kushika mtoto asiyeweza kuishika shingo yake. Niliogopa kuliko mwalimu, kwa kuwa yeye angalau alikuwa amejifunza siku tano, na mimi siku hizo zote nilikuwa nimekaa tu nikilishwa.

"Mlali sijawahi kufika," nikasema. Lilikuwa neno la kipumbavu, lakini kwa maisha yangu lilikuwa ni kukubali.

Tuliondoka Jumamosi kwa lile gari la mizigo. Mwalimu na mama walikaa mbele na mtoto kati yao. Mimi nilikaa nyuma nimekishika kile kiti, ambacho mwezeshaji alitukabidhi kwa ajili ya mtoto, kisipinduke, mikanda yake ikipepea usoni kwangu. Baada ya Kongwa lami iliisha. Kwenye korongo tulisimama, dereva akashuka, akaingia majini kwa miguu kupima kina, maji ya rangi ya chai yakamfika magotini. Niliangalia ukingo wa pili, nikamkumbuka mama aliyekaa hapa, au mahali kama hapa, mpaka jua likashuka. Dereva alirudi akisema panapitika. Tulivuka polepole, mama akiwa ametoa kichwa dirishani akiyatazama maji mpaka yakabaki nyuma.

Shuleni tulikishusha kiti. Mlango wa darasa la kwanza ulikuwa na kizingiti kirefu cha saruji, na tulipojaribu kukipitisha miguu ya kiti ilikwama. Mwalimu alikipiga teke kile kizingiti, akasema atamwita fundi kesho hata kama ni Jumapili, kisha akaenda zake nyumbani kwa mwendo wa haraka, bila kutuaga vizuri. Nilielewa. Alitaka akaogopee kwake.

Nyumba ya mama ilikuwa ya tofali mbichi na bati, juu kidogo ya njia, mihogo ikiwa imeota mpaka ukutani. Kwenye mlango kufuli lilikuwa likining'inia wazi. Ndani mlikuwa na vyumba viwili. Alinionyesha cha pili, kitanda kimoja cha kamba na mkeka sakafuni, na kati yao kanga iliyotungikwa.

"Mimi nitalala kule mbele. Wewe hapa, na yeye," akasema. "Kichwa chake kinaelekea dirishani. Nimezoea kumsikia, lakini kuanzia leo sikia wewe. Akikohoa usikimbie kuniita. Mwinamishe kwanza, ndipo uniite."

"Na nikisahau?"

"Hutasahau."

Alimlaza binti yake kwenye mkeka kwa ubavu, akamwekea mto wa pamba mgongoni, akaniuliza kama huwa nakoroma. Nikasema sijui, kwa muda mrefu sijalala na mtu wa kuniambia. Akacheka, akatoka kwenda kuwasha moto wa chakula cha jioni.

Niliweka mfuko chini ya kitanda. Niliketi, nikavua viatu, na kwa mara ya kwanza wiki nzima pakawa kimya. Upande wa pili wa kanga mtoto alikuwa akipumua, pumzi moja ndefu, nyingine fupi, na katikati yake pengo. Nikaanza kuyasikiliza yale mapengo, nipate kujua la kawaida lina urefu gani.